Mwenyekiti Amegoma Kula

Dada yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta salama, wewe, shemeji na watoto. Yule wa mwisho ameshaota meno? Sisi huku tunapumua. Mama ana mwezi wa tatu wodini, lakini mkono wa kulia umeanza kushika kikombe, na ulimi umekuwa mwepesi kiasi cha kuwagombeza wauguzi.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu nashindwa. Ni habari ya kobe wa Mama, Mwenyekiti wetu, ambaye hajawahi kuwahi popote na bado huhudumiwa wa kwanza. Wiki tatu zilizopita nilimwinua nifagie chini ya karo, kidole kikabonyea kwenye gamba lake. Gamba la kobe, Dada, likabonyea kama ganda la chungwa lililokaa! Nikamtia kwenye beseni la nguo, mbio kwa daktari wa mifugo.

Daktari akamgeuzageuza, akauliza anakula nini. Nikajibu mkate uliolowekwa kwenye chai ya maziwa, na ndizi mbivu. Akavua miwani. Akasema mapenzi yetu ndiyo yanayomwua: mkate ukome leo hii, ale nyasi na majani ya viazi vitamu yaliyonyunyiziwa chokaa ya mifugo, ile ya kukaza mifupa, na aote jua kila asubuhi. Akanionya kwamba atagoma.

Aligoma kweli. Siku ya kwanza aliyanusa majani, akayakanyaga, akaenda kusimama mlangoni pa jikoni kudai mkate wake. Siku ya nne nikamwogesha maji ya uvuguvugu ili njaa iamke. Maji akanywa, chakula akakipa mgongo. Siku ya saba akaacha hata kuja mlangoni. Kazini nilipiga pasi huku mawazo yakiwa nyumbani, mpaka nikaunguza kola ya shati la mteja. Na kila nilipokwenda wodini, kabla sijakaa, Mama aliuliza Mwenyekiti amekula nini. Nikamdanganya kwamba anakula na kusaza. Niliogopa kwamba kobe akifa, uso wangu utamwambia Mama kabla ya mdomo, na sijui Mama naye angefanyaje.

Siku ya kumi na moja nikamkuta nyuma ya pipa la maji, kichwa ndani, miguu imelegea. Nikamwita, hakusogea. Nikayakatakata majani kama tumbaku, nikayachanganya na ndizi kidogo iliyopondwa, nikamsogezea karibu na pua. Nilipiga magoti kwenye tope mpaka yakafa ganzi. Hatimaye kichwa kikatoka, akauma, akatafuna. Nikalia kama mtoto. Tangu hapo kila siku napunguza ndizi. Jana amekula majani matupu, kwa hasira, lakini amekula. Daktari anasema gamba litachukua miezi, na haahidi kitu.

Sasa lile lililonishikisha kalamu. Mwaka jana ulipokuja, ulimkemea Mama kwa kumdekeza Mwenyekiti kwa mkate. Akanyamaza, mkaachana bila kuagana vizuri. Aliyempa mkate hakuwa Mama. Yeye alimchumia majani kila asubuhi. Mkate nilitoa mimi nikirudi kazini, kwa sababu akisikia mlango alinijia na mbio zake zile za kobe, na hakuna mwingine aliyekuwa akinikimbilia. Mama alipolazwa, Mwenyekiti nikamlisha mkate na ndizi tu. Na ulipokuwa ukimkemea, nilisimama palepale nikaacha lawama imwangukie.

Juzi nilimweleza Mama, nikiogopa kuliko siku ile ya pipa. Akasema alijua siku zote. Wewe Dada, alisema, ungepanda gari ukaondoka na hasira zako, lakini mimi ningebaki na aibu yangu ndani ya nyumba ileile. Basi akaona aibebe yeye. Akaniomba nisikuambie.

Nimekuambia. Mpigie Mama, Dada, hata kama mimi hutanipigia. Simu huwekwa karibu na kitanda saa kumi jioni. Mbusu huyo wa mwisho, na shemeji mpe heshima zake.

Ni mimi mdogo wako, ninayeogopa jibu lako lakini nalingoja.