Mchuzi wa Mama, Mawese Mwisho

Rumonge,
9 Mei 1911

Mpendwa Dada Asiya,

Amahoro, ndugu yangu. U hali gani huko Ujiji? Shemeji Amisi hajambo? Na kile kifua cha mwanao Fatuma, kimepoa? Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi, isipokuwa Baba. Ndiyo sababu nimeketi kuandika, nawe unajua mimi na kalamu hatupatani.

Tangu tumzike Mama, Baba hali chakula. Haumwi, la. Anakunywa chai, anatafuna tende moja, anasukuma sahani. Arobaini imepita na kanzu inamning'inia. Naogopa, Dada. Sitaki kuzika wa pili mwaka huu huu.

Anachotamani ni ule mchuzi wa samaki wa Mama. Na nani anaujua? Mama, na wewe, ambaye Baba aliapa jina lako lisitajwe nyumbani humu tangu uolewe bila radhi yake. Mimi nilikuwa nje naanika dagaa, jiko nikiliona adhabu. Sasa najuta. Haya, cheka.

Unakumbuka Mama alifunzwa na Kaitano, yule Mgoa aliyewapikia Wadachi bomani Usumbura, ambaye ujanani alikuwa mpishi wa meli akakaa miaka sita Brazili. Samaki, nyanya, pilipili na mawese ni mapishi ya Brazili. Bizari, haradali na tangawizi Mama alivitia ili Baba asikie harufu ya kwao Kachi, Uhindini. Nazi hatuna, akatia karanga za kusaga. Hayo yote niliyajua, nikapika mara tatu. Mara tatu Baba akaonja, akaweka tonge chini, akasema, "Ahsante, mwanangu." Afadhali angenitukana.

Wiki iliyopita Kaitano akaja kutupa pole. Mzee sasa, macho hayaoni vizuri, lakini pua! Alisimama tu mlangoni mwa jiko, akauliza, "Nani anaunguza mawese?"

Nikasema mimi, nani mwingine? Si ndivyo tufanyavyo Rumonge nzima, mafuta yaungue mpaka wekundu uishe, ndipo kitunguu kiingie? Mzee akashika kichwa. "Bizari kaanga kwa samli, kama Wahindi. Mawese yaache mabichi. Samaki akishaiva, chungu karibu kuteremka, ndipo uyamwagie."

Lo! Nimezaliwa katikati ya michikichi, nafundishwa mawese na Mgoa.

Akaniambia aliyemfunza kule Brazili ni mwanamke mweusi, mtu mzima, ambaye bibi yake alivushwa bahari kutoka Afrika akiwa mtumwa. Jambo hilo halinitoki moyoni. Mtu ananyang'anywa kwao, jina lake, watoto wake, na bado mkono unajua mafuta yaingie lini. Nawe una miaka saba huko, Dada. Najiuliza unapika nini, na unampikia nani akakusifu.

Basi Ijumaa nikapika alivyosema. Samaki mukeke wa asubuhi ile ile, samli, haradali ikarukaruka, karanga, na mawese mwishoni, mekundu kabisa. Kando nikaweka unga wa muhogo uliokaangwa mkavu, wa kunyunyizia. Baba akarudi msikitini, akaketi. Tonge la kwanza, la pili. Mimi najifanya nafagia. Akamaliza sahani, akaramba vidole, machozi yanamtoka wala hayafuti.

Kisha akatazama mlango wa jiko, akaniuliza, "Asiya amefika saa ngapi?"

Nilisimama na ufagio wangu, nikalia na mimi. Tangu siku hiyo kila jioni anauliza tena, na mchuzi anaula. Njoo umjibu mwenyewe, Dada. Mashua za Ujiji zinatia nanga hapa kila juma, huna kisingizio.

Msalimu sana Shemeji Amisi, na Fatuma umbusu. Mume wangu Radjabu anakusalimu, na jirani yetu Bi Sharifa pia. Mungu akulinde ziwani, akufikishe salama.

Mdogo wako akupendaye, hata akikugombeza,

Mwasiti