Masikio ya Nguruwe wa Keziah

Pendleton, Carolina Kusini
3 Machi 1821

Mwanangu Keziah,

Pokea salamu za mama yako na zangu. Sisi tu wazima, ila goti langu, nalo nimelizoea. Wajukuu bado wanakohoa?

Tangu nisikie homa imemchukua mumeo Jotham, sijala nikashiba. Sasa shemeji yako Lemuel ameniandikia kwamba nguruwe wenu wote wanaojilisha msituni ni wake, kwa kuwa masikio yao yamekatwa alama ya umiliki ya marehemu kaka yake. Bila nguruwe utawalisha nini watoto huko Alabama, magome ya miti? Nitakuja na gari la farasi. Funga virago urudi nyumbani.

Baba yako

Mto Cahaba, Alabama
9 Aprili 1821

Baba, shikamoo.

Watoto hawakohoi tena. Wamenenepa kwa nyama ya hao nguruwe wasio wangu.

Gari usilete. Lemuel alikuja Jumamosi na kamba, majirani nyuma yake kama waendao harusini. "Shemeji, alama ni ya kaka yangu, mali ni ya kaka yangu." Nikamwambia, "Basi waite." Akaita mpaka koo likamkauka, msitu kimya. Nikapuliza pembe mara moja tu. Baba, walitoka vichakani mbio, arobaini na mmoja, wakanizonga miguuni wakidai mahindi. Jirani yetu Mzee Tolliver alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Lemuel ameapa kwenda kwa karani wa wilaya, anayeandika alama za mifugo daftarini.

Hofu ninayo, sikufichi. Lakini visiki vya shamba hili nimeving'oa mimi, na Jotham amelala hapa kilimani. Siondoki ng'o!

Binti yako

Pendleton
20 Mei 1821

Keziah,

Salamu utazipata ukija. Kichwa kigumu wewe! Mama yako anasema umerithi kwangu; mwongo.

Pembe si ushahidi. Daftarini imo alama ya Jotham, wewe humo. Katika ukoo wetu hakuna mwanamke aliyewahi kuwa na alama yake. Gari liko tayari. Nitajie siku.

Baba yako

Mto Cahaba
2 Julai 1821

Baba, shikamoo. Goti linaendeleaje?

Nilimtangulia Lemuel. Nilitembea maili kumi na nane, mtoto mgongoni. Karani akauliza, "Alama ya nani?" Nikasema, "Yangu." "Mumeo?" "Amekufa. Mimi sijafa." Majirani wanane waliofuatana nami wakaapa kwamba nguruwe wale nimewalea mimi. Akaandika: sikio la kushoto tundu, la kulia limekatwa ncha. Watoto wote wa nguruwe waliozaliwa mwaka huu nimewatia alama hiyo kwa kisu cha Jotham.

Lemuel hanisalimu siku hizi. Shauri yake.

Gari likija kunichukua, litarudi tupu.

Binti yako

Pendleton
11 Agosti 1821

Keziah mwanangu,

Mama yako ameisoma barua yako mara nne kwa sauti. Mara ya mwisho alisimama mlangoni ili jirani asikie.

Usijibu, barua haitanikuta. Naondoka leo na gari. Nimepakia nguruwe majike wawili, wote wana mimba. Masikio yao hayajaguswa. Noa kisu.

Baba yako