Mtu wa Mwisho Kwenye Kamba

Brooklyn Center, Minnesota

Baba mpendwa,

Tangu Jumamosi ile kuna mlio haujanitoka masikioni: kamba ikikaza, ikalia mara moja, kama kitanda cha mbao mtu anapojigeuza. Kabla sijakueleza, pokea salamu zangu. Mimi ni mzima. Mama anaendeleaje na goti? Na wewe, kile kikohozi kimekuachia?

Masomo yanaenda vizuri. Naandika juu ya timu za mataifa mchanganyiko katika Olimpiki za mwanzo. Utalipenda hili: mwaka 1900, huko Paris, Wadenmaki na Waswidi walivuta kamba pamoja wakawashinda Wafaransa. Inasemekana mmoja wao alikuwa mwandishi wa habari aliyeingia kujaza nafasi tu. Mpaka leo ushindi ule hauna nchi. Rekodi zinasema timu mchanganyiko.

Nayo michezo ya jamii zetu ilifanyika Jumamosi hiyo hapa uwanjani. Mimi nilikuwa akiba katika timu ya kamba ya wanawake wa Kenya, inayosimamiwa na Baba Mdogo Harrison. Asubuhi hiyo Blandina, Mtanzania ninayefanya naye kazi katika nyumba ya wazee kule Fridley, alinijia akasema katika timu yao ya mchanganyiko mwenzao mmoja ameitwa zamu kazini na wamebaki watano: yeye, Rachelle Mkongo, Wanyarwanda wawili na Mganda. Akaniambia Kenya ina akiba wengi hadi wamejilaza kwenye nyasi kama ng'ombe walioshiba. Nilivuka nikajiunga nao. Baba Mdogo akaniuliza mbele ya watu kama kamba ya Kenya ina miiba.

Waliniweka mwisho, mahali ulipokuwa ukisimama wewe katika timu ya kamba ya baraza la mji. Nilikumbuka ulivyonifundisha kuzika kisigino na kutomtazama adui. Tulivuta kama tunavyomgeuza mgonjwa mzito kwa shuka: Blandina anasema, kwa sauti ya chini, haya mama, taratibu, na wote tunaenda pamoja. Wapinzani walicheka, wakauliza kama tumekuja kuvuta kamba au kumlaza bibi. Tuliwashinda wote.

Hapo Baba Mdogo akabadilika. Aliwaambia waandaaji kwamba mtu wa mwisho ndiye timu, na mtu wa mwisho ni Mkenya, kwa hiyo kikombe ni cha Kenya. Rachelle alimwambia kwa upole kwamba kwa hesabu hiyo hata mvua ya Minnesota ni ya Kenya. Watu wakacheka, lakini kikombe nikapewa mimi, na Nahashon, katibu wa michezo, akaniachia nichague kitakachochongwa juu yake. Jioni Baba Mdogo akakupigia simu.

Baba, hapa ndipo kalamu inaponiwia nzito. Mama ameniambia ulisimama kanisani ukashukuru kwamba binti yako ameipa Kenya ushindi. Sivyo ilivyokuwa. Fainali ilikuwa kati yetu na Kenya. Ile Kenya unayopongezwa kwayo ndiyo niliyoiburuta mimi, kwa kisigino ulichonifundisha wewe. Nilijaribu kukuachia furaha hiyo. Nilijiuliza kama kunyamaza kwangu ni heshima au ni woga. Ninachojua ni kwamba nilipokuwa navuta sikuwaza nchi yoyote. Niliutazama mgongo wa Rachelle mbele yangu, ukitetemeka, na sikutaka uanguke.

Baba Mdogo alisema nikichongesha jina jingine badala ya Kenya nitakuwa nimekuaibisha wewe mbele ya kanisa zima. Huenda ni kweli, na kwa hilo nakuomba radhi. Lakini jana nilikipeleka kikombe kwa fundi kule Hopkins, nikasimama pale hadi alipomaliza. Kina majina sita ya wanawake, na hakina nchi. Nimekiweka mezani kwa Baba Mdogo. Alikisoma, akaniomba nimpitishie chumvi.

Mfikishie Mama salamu zangu, na majirani wote wanaoniulizia. Mungu awalinde.

Ni mimi binti yako,
Kendi