Hodi kwenye Cherehani

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Sisi wazima, ila goti langu limezeeka kabla yangu. Unauliza uwashawishi vipi mabosi wa kiwandani kwenu wanunue mashine ya kuchapa vipuri, ile ya 3D. Wasimulie habari ya cherehani ya marehemu bibi yako, inayomlisha shangazi yako. Mpini wake wa kuzungushia gurudumu ulipovunjika, Kariakoo nzima walinicheka: "Mzee, hiyo haitengenezwi tena!" Fundi mmoja wa mtaa wa Gerezani akaunga vipande, akavipiga picha pande zote, mashine yake ikachapa mpini mmoja tu, siku ileile, bila kuagiza kontena. Ila ilinakili hata uchakavu: kishimo cha dole gumba la bibi yako kilikuwepo, tena kina joto. Shangazi yako alipouzungusha akashtuka: "Baba, kuna mkono mwingine hapa!" Siku hizi anashona vizuri, ila hupiga hodi kwanza.

Babu yako