Msumeno wa Kwenda Sigino

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Msumeno wetu wa umeme umekufa. Katikati ya ubao! Moshi, harufu ya waya unaoungua, halafu kimya. Mume wangu Valence akaufungua, akachungulia, akaufunga tena polepole. "Basi," akasema. Ndiyo yalikuwa mazishi.

Karibu kila mlango wa hapa Maisaka umepita kwenye msumeno ule. Lakini siandiki kwa ajili yake. Naandika kwa sababu ya Sigino. Mwinjilisti Wilbroad wa kijiji hicho alikuja juzi kuuliza kama karakana yetu inaweza kuezeka kanisa lao jipya, kenchi zote za kubeba paa, na bati zake, kabla ya mvua. Mume wangu akajibu "tunaweza" kabla sijafungua mdomo. Tangu aanguke mwaka jana kwenye lile jengo la barabara ya Singida hajapanda paa. Ana chuma mguuni. Anatembea vizuri, anabeba mbao, anamkimbiza mtoto wetu Careen uani. Sawa. Ila paa?

Nimemwambia msumeno mpya nitachagua mimi. Akacheka. "Chagua, Mama Careen, ila uwe mkubwa."

Nitachagua. Fundi ni sisi wawili, lakini jicho la mashine ni langu, na yeye anajua.

Jumatano, 3 Septemba

Dukani kwa Bushiri, karibu na soko. Nimemkuta anafungua maboksi. Yeye haoni ajabu mwanamke kuuliza habari za mota, ndiyo maana naenda kwake. Ameniwekea miwili juu ya meza.

Wa kwanza mdogo, unatembea juu ya reli yake ya aluminiamu. Reli unailaza juu ya ubao, unaibana kwa klampu, unasukuma tu. Bledi imefichwa ndani ya kifuniko, inashuka ukiikandamiza. Nimeujaribu kwenye kipande cha marine bodi, ile plaiwudi ya makabati — ukingo kama umepigwa randa! Hakuna kuchanika hata kidogo. Nikaona makabati ya jikoni. Nikaona vitanda, meza za ofisi, kazi za chini ya kivuli, Valence miguu yote miwili juu ya sakafu ya saruji.

Wa pili mkubwa. Bledi kama sahani ya pilau. Hauna reli, unafuata mstari wa penseli na mkono wako. Una nguvu, sikatai. Umekula mbao ya mbili kwa sita kama mkate. Lakini mkato umepinda kidogo mwishoni, na mkono wangu si wa kupinda.

Nimemwambia Bushiri niwekee mdogo. Akanitazama. "Dada, si mmepata kazi ya paa? Huu ukipandanisha mbao mbili haufiki chini. Sasa unachagua mashine, au unamchagulia mzee kazi?"

Nikamjibu kwamba nitarudi.

Nimekasirika njia nzima kwenye bajaji. Kwa nini? Kwa sababu amesema kweli! Ubora wa mdogo ni wa kweli kabisa, sikudanganya. Ila nilishaamua kabla sijawasha swichi.

Alhamisi, 4 Septemba

Nimemweleza Valence kuhusu yote miwili. Mdogo nimeusifia sana. Alikuwa anakula, akaacha kijiko. Akasema hivi: makabati ni kazi nzuri, atatengeneza makabati mpaka azeeke. Lakini hataki iwe kwa sababu anaogopwa. Akasema "anaogopwa", si "anaogopewa". Nimelifikiria neno hilo. Kweli, tangu aanguke nimekuwa namzungukia kama mtu anayezunguka sufuria la uji wa moto.

Nimeosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Ijumaa, 5 Septemba

Nimepata! Kuna wa tatu.

Nilirudi kwa Bushiri baada ya swala. Nikamwambia nataka mkubwa, lakini unaokaa kwenye reli. Akakuna kichwa, akaingia stoo, akatoka na boksi lenye vumbi. Mkubwa kabisa, na chini ya bamba lake kuna mfereji, ndio unaopanda juu ya reli. Aliuagiza kwa ajili ya mteja mwingine, hakuja kuuchukua.

Nimeujaribu kama mtu anayenunua ng'ombe. Meno, miguu, pumzi. Ukiwasha hauruki mkononi, unaanza taratibu halafu unapanda. Ukiachia swichi, bledi inasimama upesi. Nyuma ya bledi kuna kichuma chembamba kinachozuia mbao isibane ikaurusha msumeno nyuma. Nimeupandanishia mbao mbili za paini na kukata zote kwa mara moja: mkato mmoja, vipande viwili pacha. Halafu nikabadilisha bledi, nikaweka ya meno mengi, nikaurudisha kwenye marine bodi. Safi. Si safi kama ule mdogo, lakini safi ya kuuza.

Ubaya: ni mzito. Bushiri anasema, dada, huu si wa kupanda nao. Nikamwambia ndiyo sababu naupenda. Kwenye kazi yangu hakuna msumeno utakaopanda ngazi. Kila kitu kinakatwa chini, juu ya reli, kinapanda kikiwa tayari. Juu ni nyundo na misumari tu.

Nimeuchukua, na reli mbili za kuunganisha, na waya mnene wa umeme, maana pale Sigino umeme utavutwa mbali na waya mwembamba ndio ulioua ule wetu wa zamani. Hilo nina uhakika nalo.

Valence ameubeba, ameupima kwa mkono, ameupapasa. "Mkubwa," akasema. Nikasema, "Na una reli." Tukacheka wote wawili. Muda mrefu hatujacheka hivyo.

Jumanne, 9 Septemba

Sigino. Kuta za kanisa zimesimama, tofali za kuchoma, linta ya zege juu ya madirisha imekauka. Tumefunga meza ndefu chini ya mkaratusi, tumelaza reli. Tumekata siku nzima. Mimi napima na kubana, yeye anasukuma. Kila pembe inakaa! Tumeunganisha kenchi ya kwanza pale chini na hakuna mahali ungeweza kuingiza ukucha.

Mwinjilisti Wilbroad amekuja na kina mama walioleta makande. "Shikamooni mafundi" — anatutania, yeye ni mkubwa wetu. Akaniuliza kama mashine hii inajiendesha yenyewe. Valence akamwambia, "Inaendeshwa na mke wangu."

Nalala na mgongo unauma na roho nyeupe.

Jumatano, 10 Septemba

Leo ilikuwa siku ya kupandisha kenchi. Nataka kuandika kama ilivyokuwa.

Vijana wa kwaya walishika kamba. Valence akaenda kwenye ngazi. Akapanda vidato vichache, akasimama, akashuka. Akasema amesahau penseli. Penseli ilikuwa sikioni kwake.

Niliiona.

Akapanda tena. Akashuka tena, safari hii eti amesahau utepe wa kupimia. Jasho limemtiririka, na asubuhi ya Sigino ni baridi. Vijana wakaanza kutazamana. Hapo nikachukua nyundo, nikaifunga kiunoni, nikapanda mimi. Sikuwaza. Nilikuwa juu ya ukuta kabla sijajua nimeamua. Sijawahi kupanda paa kubwa namna ile, lakini kenchi ni kenchi: mimi ndiye niliyezipima, najua kila moja inakaa wapi.

Mwinjilisti akauliza kwa sauti, jamani, mama ndiye anapanda? Na Valence, kutoka chini, bila kusita: "Yeye ndiye mwenye jicho la usawa. Mimi nakata."

Tukasimamisha ya kwanza. Tukasimamisha ya pili. Zinasimama kama askari.

Jioni, tukingoja bodaboda barabarani, akasema kwa Kiiraqw, lugha ya kwetu, polepole, kwamba mguu unakataa. Si yeye. Yeye anataka, mguu unakataa. Akifika pale juu kidogo anasikia tena ule ubao wa mwaka jana unavunjika.

Kumbe! Mwaka mzima nimeogopa kwamba atapanda. Sikuwahi kufikiri kwamba hawezi. Na nilipojua, je, nilifurahi? Kidogo. Kwa sekunde moja. Halafu nikamwona anatazama mikono yake, na furaha ile ikanichukiza.

Nilimwambia kesho atakata papi zote, zile mbao za kupigilia bati, nyingi, reli haitapoa. Akasema sawa. Jibu langu lilikuwa la kijinga.

Ijumaa, 12 Septemba

Kenchi zote zimesimama isipokuwa mbili za mwisho. Mikono yangu imetoka malengelenge, na nimeanza kutembea juu ya ukuta kama nilizaliwa huku. Napenda huku juu! Sikutegemea. Kutoka hapa unauona mlima Kwaraa wote, na bati za mjini zinavyong'aa kule chini.

Valence anakata vizuri kuliko zamani. Nasema kweli. Msumeno unamtii. Leo alikata fremu za madirisha bila kuambiwa, akazipanga.

Jumamosi, 13 Septemba

Naandika nikiwa juu ya ukuta, daftari gotini. Umeme umekatika tangu saa nne. Msumeno umenyamaza, vijana wamekwenda kunywa chai kwa mwinjilisti. Imebaki kenchi moja, imelala chini tayari, kamba zimefungwa.

Valence amebaki peke yake pale mezani. Amefagia vumbi la mbao. Ameifuta reli kwa kitambaa, mara ya kwanza, mara ya pili. Sasa hana cha kufanya.

Amekuja chini ya ngazi. Ameishika kwa mikono miwili. Ameniuliza kama nahitaji misumari. Nikasema ninayo. Akasema aha.

Bado yupo.

Redio imelia nyumbani kwa mwinjilisti, umeme umerudi. Taa ndogo ya kwenye ekstensheni imewaka, naiona kutoka hapa. Ameiona na yeye. Hajaenda kwenye msumeno.

Amevua viatu. Ameviweka pembeni, vimeelekea ukutani.

Natamani kumwambia ngoja, wacha nishuke nikushikie. Natamani kumwambia njoo. Nimegeuza uso kama natazama mlima, naandika tu, asije akafikiri namsubiri.

Ngazi imetikisika.

Imetikisika tena, juu kidogo —