Uso wa Benchi la Tatu

Ha'ano, 20 Januari 2014

Mjomba Semisi,

Shikamoo. Magoti yanasemaje huko Australia? Sisi huku kisiwani wazima, isipokuwa nguruwe wako, ambaye siku hizi ni wangu. Anakohoa. Nadhani amekukumbuka.

Mjomba, nimepatikana. Wiki iliyopita mchungaji alisimama katikati ya ibada akasema, "Kuanzia leo Kalolaine ndiye kiongozi wa watoto." Hakuniuliza. Watu wakapiga makofi na mimi nikapiga, nikidhani yuko Kalolaine mwingine. Jana nimekaa nao mara ya kwanza. Wawili wamepigana, mmoja amelala, na mmoja amekula chaki. Wengi wanalelewa na bibi zao, wazazi wao wapo huko uliko, wanachuma zabibu. Na Jumapili ya Watoto ni mwezi wa tano, kila mtoto asimame peke yake mbele ya kanisa zima aseme maneno yake kwa kichwa!

Kazi hii umeifanya tangu sijazaliwa. Nielekeze, maana nimeshaanza kuota chaki.

Mpwa wako,
Kalolaine

*

Robinvale, 3 Februari 2014

Kwako mpwa wangu, mwizi wa nguruwe,

Marahaba. Magoti yapo, yananitangulia kulalamika kila asubuhi. Binti yangu 'Eseta na watoto wake wazima. Jua la huku linakaanga mtu bila mafuta.

Umeuliza kwa mwenyewe. Mimi shule niliiona dirishani tu, lakini nimewafundisha watu ambao leo ni madaktari, na mmoja yuko jela, naye mpaka leo anasema maneno yake bila kukosea. Mkuu wa jimbo aliwahi kuja kunisikiliza, akasema, "Semisi, wewe ungefundisha hata kasa kuimba." Kweli alisema. Waliomsikia wamekufa wote, lakini alisema.

Basi sikiliza. Usifundishe mtoto mwenye njaa, maana hapo unafundisha tumbo. Yule mtukutu kuliko wote mpe ufunguo wa chumba, awe ndiye anayefungua na kufunga. Mwizi akikabidhiwa mlango hana muda wa kuiba. (Ndiyo maana wewe nilikupa zizi. Ona yaliyonipata.) Maneno ya kukariri anzia mwishoni. Mfundishe mstari wa mwisho kwanza, kisha unaoutangulia, hivyo hivyo kurudi nyuma. Akisimama siku ile, kila anapokwenda anakwenda anapopajua. Na usikubali bibi akuletee sura ndefu ya Biblia ili kumkomoa jirani. Anayetoka jasho ni mtoto.

Mtoto akishasimama mbele, mbele ni pake. Hashushwi na mchungaji wala na mfalme. Anashuka mwenyewe.

Halafu siri yangu kubwa, sijampa mtu. Mtoto hasemi na kanisa, mtoto anasema na uso mmoja. Ujue uso wa kila mtoto. Wa huyu ni babu, wa yule ni shangazi anayecheka cheka. Uso huo uweke benchi la tatu. La kwanza ni karibu mno, unamtisha; la tano haonekani vizuri. La tatu! Akiuona uso wake pale, hata radi ikipiga atamaliza.

La mwisho. Mtoto usimwahidi peremende iliyoko dukani. Mwahidi iliyoko mfukoni.

Mjomba wako asiye na mpinzani,
Semisi

*

Ha'ano, 24 Februari 2014

Mjomba,

Shikamoo, na shikamoo tena kwa niaba ya mla chaki. Nimempa ufunguo. Sasa anafika kanisani kabla ya jogoo na amewafungia nje wazee wawili kwa kuchelewa. Ya kuanzia mwishoni nayo yamekubali. Sikutaka kukusifu, najua utavimba, lakini ndivyo ilivyo.

Nyuso zote nimezipata, isipokuwa mmoja. Lupe, binti wa Melenaite, ana miaka saba. Nimemuuliza, "Siku hiyo unataka nani akae benchi la tatu?" Akasema, "Mama." Nikasema, mama yuko mbali, vipi bibi? Akaniangalia kama mimi ndiye mtoto. "Bibi haoni. Nitamwangaliaje mtu ambaye haniangalii?"

Mjomba, Melenaite mkataba wake wa kuchuma zabibu uliisha mwezi wa kumi na moja. Wenzake wamerudi na meli, yeye hakushuka. Tangu Krismasi simu yake haiiti. Hela zinakuja, sauti haiji. Mtoto amefundishwa hadithi ya kondoo aliyepotea, akifika katikati ananyamaza.

Mila zetu unazijua. Mpwa akitaka kitu cha mjomba haombi, anachukua. Nguruwe nilimchukua siku ya harusi yangu, ukabaki umeshika kamba. Leo nachukua miguu yako, na magoti yake mabovu. Nenda ukamtafute Melenaite, umuulize kama atakuja.

Mpwa wako,
Kalolaine

*

Robinvale, 10 Machi 2014

Mpwa wangu mpendwa, jambazi,

Marahaba. Sisi wazima, ila 'Eseta amekasirika kwa sababu mimi na miguu yako tumeshatoka kutafuta bila kumuaga.

Umemtuma nani? Semisi! Mimi nilimpata ng'ombe wa mchungaji aliyevuka kisiwa kizima, nikampata kwa kunusa. Nimeshauliza kwenye kundi letu la kunywa kava, na mtu mmoja ameniambia Melenaite yuko shamba fulani upande wa pili wa mto. Sijamwona bado, lakini kumpata ni kama nimempata. Na nikishampata, nani aliwahi kumwambia Semisi hapana?

Kwa hiyo mwambie Lupe asikae na huzuni. Mwambie Mjomba Semisi amesema mama yake atakaa benchi la tatu, katikati, kofia ya kanisani kichwani. Ikibidi nitambeba mgongoni nivuke naye bahari. Mwambie hivyo hivyo.

Mjomba wako,
Semisi

*

Ha'ano, 31 Machi 2014

Mjomba wangu wa pekee,

Shikamoo! Barua yako nimeisoma mbele ya watoto wote. Ungewaona! Pale pa kubebwa mgongoni baharini walilala chini kwa kicheko. Lupe hakucheka. Alikuja akaniomba barua, akatafuta jina la mama yake kwa kidole, akalipata, akanirudishia.

Kondoo amemaliza kumkariri kwa wiki moja. Anamsema akichota maji, anamsema usingizini, bibi yake anasema hata yeye sasa anaweza. Nguo nyeupe imeshonwa, lakini hataki kuijaribu, anasema vifungo vya mgongoni atafunga mama. Benchi la tatu ameweka mkeka mdogo, na mla chaki ndiye mlinzi.

Sasa niambie, anakuja na meli ipi? Tuje bandarini. Nguruwe nimemteua tayari. Ndiyo, yule yule.

Mpwa wako mwenye furaha,
Kalolaine

*

Robinvale, 14 Aprili 2014

Kalolaine,

Marahaba. Huku tuko salama.

Nimempata Melenaite. Anapanga zabibu kwenye maboksi, banda la nyuma, na gari likiingia anajificha chooni mpaka litoke, akihofia maofisa wa uhamiaji. Hana karatasi tena. Mkataba ulipoisha akabaki kwa kujificha. Akigusa uwanja wa ndege anaondoka, ndiyo, lakini mlango unafungwa nyuma yake, haruhusiwi kurudi kazini kwa miaka. Na anayemlisha Lupe na yule bibi asiyeona ni yeye peke yake.

Nilimwambia maneno yote ninayoyajua. Nilimtania, nikamkemea, nikamwambia habari za mkeka. Akasema, "Mzee Semisi, unadhani mimi sijui tarehe?" Nikamwambia basi mpigie mtoto. Akasema, "Nikipiga ataniuliza lini. Nimjibu nini? Wewe mwenye maneno, nipe jibu, nipige sasa hivi." Akanyoosha simu. Nikaisukuma irudi kwake, nikashika njia.

Mweleze Lupe taratibu. Mtafutie uso mwingine mapema, azoee. Jaribu mama mchungaji, ana uso mpana.

Mjomba wako

*

Ha'ano, 5 Mei 2014

Mjomba,

Shikamoo. Meli iliharibika mashine wiki mbili. Barua yako imefika leo asubuhi. Jumapili ya Watoto ilikuwa jana.

Wiki nzima tulikuwa tunashuka bandarini kutazama vimashua. Jana Lupe alivaa nguo na mgongo wazi. Nikataka kumfunga vifungo, akasema, "Acha, atafunga akifika." Alikuwa wa mwisho kwenye orodha, mwenyewe aliomba, ili mama apate muda.

Alipanda. Akatazama benchi la tatu. Ule mkeka, mtupu. Hakuanza hadithi. Wewe ulisema, mbele ni pake, hashushwi. Basi hakuna aliyemshusha. Mla chaki alikuwa anamnong'oneza mwanzo wa hadithi, machozi yanamtoka. Wamama wakaanza kulia. Chakula cha watoto nje kikapoa, nyama kwenye majani ya magimbi, viazi vikuu, vyote. Mwisho mama mchungaji akainuka kwa huruma, akaenda akakaa pale kwenye mkeka, akamtabasamia na uso wake mpana.

Lupe akasema, sauti kavu kabisa, "Hapo pana mwenyewe."

Ndiyo maneno pekee aliyosema. Mama mchungaji akatoka. Na Lupe akaendelea kusimama. Nilibaki naye kanisani, wengine wakatoka mmoja mmoja wakinyata. Alishuka miguu ilipochoka.

Mezani watoto ndio wanaotangulia kula siku ile, sisi wakubwa tunawapakulia. Yeye hakula. Na leo bado mkeka uko pale, na mtu akisogea Lupe anamtazama mpaka aondoke.

Mjomba, kwa 'Eseta kuna simu mbili mezani. Mambo ya sifa unapiga, ya aibu unaandika? Ni wewe uliyenifundisha peremende iwe mfukoni. Na mimi mjinga nikaisoma ahadi yako mbele ya watoto. Sijui nimfanyeje huyu mtoto. Sijui.

Mimi ni mpwa wako, na mpwa haombi. Nguruwe nilimchukua, miguu nikaichukua. Leo nachukua maneno yako. Ushauri, majigambo, utani, yote nimechukua. Usinitumie tena.

Kalolaine

*

Robinvale, 25 Mei 2014

Mpwa wangu,

Umechukua. Ni haki yako, sina la kukataa.

Hili si langu, nalifikisha tu. Nilikwenda kwa Melenaite na barua yako, 'Eseta akamsomea, maana mimi nilishindwa. Alipofika pale pa "Hapo pana mwenyewe", Melenaite akasema, "Rudia." Akarudiwa. Kisha akageuza ndoo ya zabibu, akaniambia, "Kaa." Nikakaa. Akahesabu hatua kutoka kwangu, kama benchi la tatu, mpaka mahali ambapo ingekuwa mbele ya kanisa, akageuka akanitazama, akamsema kondoo aliyepotea wote, kutoka mwanzo.

Hakukosea. Gari likaingia, akakimbia chooni.

Mimi nilibaki kwenye ndoo.

Mjomba