Nyayo Nilizozifagia

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na usinijibu kwa maneno ya wasomi, mimi shule niliishia darasa la pili na watoto sita nimewalea wakasimama. Mjukuu wangu mwenye kichanga amepata chumba cha kupanga, kitanda tumeshakiingiza, Jumamosi anahamia, sasa wapangaji watatu wamekikimbia hicho chumba, wote wanasema usingizini kuna mtu anawasimamia kitandani, mimi nikacheka mbele ya majirani, nikasema mzimu gani huo usio na kazi, hata mwenye nyumba anayekaa chumba cha pili alicheka na mimi. Mjukuu hakutulia, akamleta fundi redio mmoja wanayemwita Mpimamizimu, anakagua nyumba zinazosemwa vibaya kama alivyokagua babu yake, kwa unga na uzi. Akanyunyiza unga sakafu nzima, akafunga uzi dirishani na mlangoni. "Bibi, asiingie mtu mpaka asubuhi." Nikamjibu, "Baba, unga huo kuna watu hawajala."

Asubuhi nikamtangulia, ufunguo wa akiba ninao. Nyuzi zote nzima. Nikakata wa mlangoni, nikafungua. Mshauri, nyayo! Miguu mitupu, mikubwa, imetoka kwenye kabati la nguo tulilolikuta humo, lililobanana na ukuta wa chumba cha pili, ikaenda hadi ubavuni mwa kitanda, ikasimama, vidole vimeelekea mto, kisha ikarudi kabatini. Na mimi nilishacheka mtaa mzima ukisikia! Nikafagia, nikanyunyiza unga mwingine, nikausawazisha, uzi nikaufunga upya, maana mkono wangu wa cherehani haujanitupa. Mpimamizimu akaja, akatazama, akasema, "Chumba safi." Mjukuu akanikumbatia. Tangu hapo silali, nikimtazama yule mtoto naona vile vidole. Nitasemaje nisichekwe?

Bibi wa Kichanga

JIBU

Bibi, shikamoo. Pole kwa hofu, lakini pole yangu inaishia hapo. Unaogopa kuchekwa, na kwenye kitanda hicho atalazwa mtoto asiyeweza hata kujigeuza!

Kama mizimu ipo mimi sijui. Unga naujua. Kilichoacha alama ya kisigino kina uzito. Umeandika mwenyewe kwamba nyuzi zilikuwa nzima, basi huyo hakupita mlangoni wala dirishani. Alitoka kabatini akaenda kutazama kama mpangaji mpya ameshafika. Na anayekaa upande wa pili wa ukuta huo umenitajia mwenyewe, mlicheka pamoja. Simhukumu mtu. Ila Mpimamizimu angezifuata nyayo hadi kabatini, wewe ukamwachia sakafu safi.

Usingoje Jumamosi. Leo hii mwite mjukuu wako na Mpimamizimu, uwaambie yote, wakicheka wacheke. Mwenye nyumba asijue. Mchana kweupe, nenda na polisi, kabati lisogezwe. Mkikuta tundu au mlango, kazi ni ya polisi, usiguse kitu. Mkikuta ukuta mtupu, toeni kitanda siku hiyohiyo, mjukuu asilale humo hata mara moja.

Na ufagio wako, bibi, uache nyumbani.